Baba Hachekeshi

Kijiweni kwetu Fukayosi, pale bodaboda wanaposubiri abiria wa barabara ya Bagamoyo–Msata, simu moja huangaliwa na vichwa vitano. Siku hiyo ilikuwa picha ya Aki na Ukwa. Si ile ya zamani, wakiwa na kaptura na nyuso za watu waliotoka kuiba nyama jikoni. Hii ilikuwa ya karibuni: suti, viatu vinang'aa, wamesimama wima, wametulia kama wajumbe wa kamati ya shule. Mmoja akasema, "Hee, jamani, hawa nao wamezeeka!" Halafu kimya. Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililonishtua, maana kwa zaidi ya miaka 20 sijawahi kuziona nyuso zile mbili bila mtu wa pembeni yangu kuangua kicheko.

Kimya kile kimenisumbua. Nimerudi kuangalia tena vichekesho vya utotoni mwangu na vya ujanani, vya kwetu na vya wenzetu, nikitafuta jibu la swali moja ambalo ukilisema kwa sauti linaonekana la kipuuzi: mchekeshaji mwenye sura ya mtoto akikua, anakwenda wapi?

Tuanze na hao hao. Filamu ya *Aki na Ukwa* ilitoka Nigeria mwaka 2002. Kwetu ilifika kwa kanda, ikaonyeshwa kwenye kibanda umiza chenye kuta za magunia, mabenchi ya mbao na jenereta lililokuwa likipiga kelele kuliko spika. Jina la filamu ni la Kiigbo, lakini kwa bahati "na" ya Waigbo ina maana ile ile ya "na" yetu, kwa hiyo sisi tuliona wametuwekea jina la Kiswahili makusudi. Maneno mengine yote yalikuwa Kiingereza cha Kinigeria, na kanda hii haikuwa na sauti ya Lufufu wala msimulizi mwingine yeyote wa kututafsiria. Hatukuhitaji. Nyuso zilijitosheleza.

Chinedu Ikedieze, yaani Aki, alizaliwa Desemba 1977. Osita Iheme, yaani Ukwa, ambaye kwao wanamwita zaidi Pawpaw, alizaliwa Februari 1982. Piga hesabu: wakati filamu inatoka, mmoja ana miaka 24 na mwingine 20. Wanaume wenye kitambulisho cha kupigia kura, wamefupishwa na maumbile, wanaigiza watoto wanaotesa kijiji kizima. Kibandani kwetu habari hiyo ilipoingia, kulizuka ugomvi. Alikuwepo mmoja aliyeapa kwa Mungu mbele ya watu kwamba wale ni watoto wa darasa la nne, na mpaka leo sijasikia akifuta kiapo chake.

Kumbe uchekeshaji wao wote ulikuwa kwenye ugomvi huo. Mtoto anayemshinda mtu mzima kwa akili ni hadithi ya kale; sisi tuna Sungura, kila kabila la nchi hii lina Sungura wake au jamaa yake. Lakini Aki na Ukwa walikuwa na kitu cha ziada: macho. Mwili ulikuwa wa mtoto, macho yalikuwa ya mtu aliyewahi kudaiwa kodi ya nyumba. Kila kamera ilipowasogelea ulikuwa unaona pengo hilo, na kicheko kilitokea humo penye pengo.

Sungura ana bahati moja ambayo hawa hawana. Sungura ni wa maneno. Babu yako alimkuta mjanja, wewe umemkuta mjanja, na mjukuu wako atamkuta vile vile, mguu wake haujavimba wala meno hayajang'oka. Abunuwasi naye hakuna anayejua ana miaka mingapi. Hekaya zake hazikumpa umri na hakuna msomaji aliyewahi kuulizia. Mwandishi akishamfunga mhusika kwenye karatasi, basi. Mwigizaji anamwekea mhusika wake mwili wa kukodi, na mwili huo una tarehe ya kuzaliwa.

Mwaka 2021 walirudishwa pamoja kwenye filamu mpya, *Aki and Pawpaw*. Ni ndugu wawili wakorofi wanaopata umaarufu wa ghafla mtandaoni. Ikedieze ametimiza miaka 44 wiki filamu ilipoingia kwenye majumba ya sinema, Iheme ana 39. Nimeitazama mara mbili na mara zote mbili nimeitazama kwa upole, kama unavyosikiliza mtu unayempenda akirudia hadithi. Kuna nyakati inachekesha. Ila ile filamu inaogopa kitu. Inawavalisha nguo za vijana wa mjini, inawapa simu mpya na magari, inabadilisha kila kinachowazunguka isipokuwa wao. Haithubutu kuuliza watu hawa wawili wameishi vipi miaka yote hiyo tangu 2002. Wakati huo huo, vipande vya filamu zao za mwanzo vinazunguka dunia nzima kama vibonzo vya kwenye simu: Ukwa akilia, Ukwa akiwaza, Ukwa akimtazama mtu kwa dharau. Mtu wa Brazil asiyejua Nigeria iko wapi anakutumia uso wa Iheme kumaanisha "nimekuelewa sana". Uso wa miaka 20 iliyopita. Mwenyewe amepewa nishani ya taifa lake mwaka 2011, yeye na mwenzake, na bado mashindano yake makubwa ni dhidi ya yule mtoto asiyekua ndani ya simu za watu.

Sasa nitoe nadharia yangu, mnipige mawe mkitaka.

Sisi watu wa pwani, na si wa pwani peke yao, tumelelewa ndani ya utani wenye mipaka. Babu na mjukuu ni watani. Bibi anamwita mjukuu wake wa kiume "mume wangu", anamlalamikia kuwa hamletei kanga, anamtishia kudai talaka. Babu anamwita mjukuu wa kike "mchumba", na mchumba anamjibu kwamba hataki mwanamume asiye na meno. Watu wanacheka mpaka wanashika mbavu. Akiingia baba mlangoni, mzaha unakwisha. Si kwamba baba ni mbaya. Baba ni wa kuombwa ada, wa kuulizwa mbolea, wa kuogopwa kidogo. Utani unamruka; unatoka kwa babu unatua kwa mjukuu, na yeye yuko katikati anahesabu hela.

Naona vichekesho vyetu vimerithi mpangilio huo bila kuujadili. Vina umri wa aina mbili tu: mtoto na babu. Katikati ni jangwa.

Angalia wakubwa wetu. Amri Athumani, King Majuto wa Tanga, alizaliwa 1948 na aliigiza tangu utotoni, lakini wengi wetu hatukuwahi kumjua akiwa chochote isipokuwa Mzee Majuto. Said Ngamba tulimwita Mzee Small, na "Mzee" ikashika kama jina la ukoo mpaka alipofariki Juni 2014. Kenya, Benson Wanjau alikuwa Mkikuyu aliyeigiza mzee wa Kijaluo kwenye *Vitimbi*, na alipofariki Julai 2015 magazeti yaliandika Mzee Ojwang, Wanjau likaja baadaye. Hawa waliuvaa uzee mapema. Waliingia kwenye kanzu, kofia, fimbo na mgongo uliopinda wakati magoti yao bado yana nguvu, wakajificha humo, wakausubiri uzee wa kweli. Ulipowafikia ulikuta nyumba imeshajengwa. Ndiyo maana hakuna mtu aliyewahi kusema "Majuto amezeeka" kwa masikitiko. Alikuwa anafanana na yeye mwenyewe zaidi kila mwaka. Mpaka alipougua, na Agosti 8, 2018 akafariki Muhimbili, kila mvi aliyopata ilikuwa mtaji.

Mwenye sura ya mtoto hana njia hiyo. Kanzu inamcheka.

Na hapa lazima nimtaje Hussein Ramadhani Mkiety, ambaye taifa zima lilimjua kama Sharo Milionea. Wasomaji wangu wadogo huenda mnamjua kwa vipande vya YouTube tu, kwa hiyo niwape picha. Alikuwa kijana wa Muheza, mwembamba, uso laini, sauti ya kuvuta, mwendo wa kuogopa kuchafua viatu. "Sharobaro" lilikuwa neno la mjini la wakati huo, la kijana anayejipenda, suruali inabana, nywele zimechongwa, Kiingereza cha kuokota. Wengine walikuwa masharobaro kwa dhati. Yeye alikuwa sharobaro kwa uhakiki. Ukimtazama vizuri unaona kwamba kila alipojidai, macho yake yaliteleza pembeni kidogo kuangalia kama tumeamini. Na mfukoni hana kitu. Jina lenyewe ndilo lilibeba mzaha: Milionea, na hela ya daladala anaomba.

Waliompanga na King Majuto kwenye filamu walijua wanachofanya, au walibahatisha vizuri sana. Ni babu na mjukuu wale. Mmoja ana ushamba wa makusudi, mwingine ana ujanja wa mjini usio na faida, na kati yao hakuna baba wa kuwaambia watulie. Majuto alikuwa anamtazama Sharo kwa namna ambayo sijaiona kwenye filamu nyingine za kwetu, kama mtu anayemtazama kuku aliyevaa miwani. Nilikuwa naziona filamu hizo kwenye mabasi ya Tanga zaidi ya nyumbani. Basi likitoka Ubungo watu wamenuna, wakifika Chalinze wameshakuwa ndugu.

Ucheshi wa Sharo ulikuwa na sharti moja ambalo hakuna aliyeliandika: lazima awe kijana. Kujidai bila kitu mfukoni, kwa kijana wa miaka 25, ni uchangamfu. Tunacheka kwa sababu tunamsamehe, na tunamsamehe kwa sababu ana muda. Labda kesho atapata kazi, labda atatulia. Mchukue mtu yule yule, mwendo ule ule, suruali ile ile ya kubana, umwongezee miaka 15 na watoto watatu. Hapo kijijini wanamwita "kijana wa zamani", na hakuna anayemsamehe. Mke wake hachekeshwi. Kwa hiyo nikimtazama leo ninajikuta nauliza angefanya nini. Angegeuza mwendo? Angenenepa na kuutumia unene? Angekuwa na akili ya kumfanya sharobaro aliyechelewa, anayebana tumbo, na kutupa kicheko chenye uchungu ambacho hatujawahi kupewa? Naamini alikuwa na kipaji cha kufanya hivyo. Yale macho ya pembeni yalikuwa yanajua.

Hatukupata kuona. Novemba 26, 2012 alipata ajali ya gari Muheza, akiwa anaelekea kwao, akafa pale pale. Mwaka ule ule Aprili alikuwa ameondoka Steven Kanumba, nasi tulidhani mwaka umeshachukua haki yake. Nakumbuka Fukayosi siku iliyofuata: watu walikuwa wanarudia misemo yake huku wanalia, kitu ambacho sijakiona tena. Na mwenzake mzee, ambaye kwa mpangilio wa dunia ndiye aliyepaswa kutangulia, akabaki miaka karibu sita zaidi. Mjukuu akazikwa, babu akaendelea kuchekesha.

Nikisema Sharo amebaki kijana milele nitakuwa natoa faraja ya bei nafuu. Hakubaki kijana. Alikatwa kabla hajafika penye kazi ngumu.

Aliyefika ni Joti. Lucas Mhuvile, kwa maoni yangu, ndiye mwigizaji wa vichekesho mwenye uwezo mkubwa kuliko wote waliotokea nchini katika kizazi chetu, na ninajua hapa nitagombana na watu wa Kingwendu. Alipoibuka na wenzake kwenye Ze Comedy, EATV, kisha Orijino Komedi ya TBC, alikuwa na uso usiokamilika. Simaanishi ubaya. Namaanisha ulikuwa uso kama udongo wa mfinyanzi, bado mbichi, unaweza kukandwa upande wowote. Leo mzee wa kijijini, kesho bibi mwenye maneno makali, keshokutwa mtoto wa shule mwenye kamasi. Chini ya kila kinyago ulikuwa unamwona kijana yule yule anayefurahi kwamba hajakamatwa. Mzee wake alichekesha kwa sababu shingo ilikuwa ya mvulana. Ndevu za bandia zilikaa vibaya, na kukaa vibaya ndiko kulikokuwa kuzuri.

Sasa mfuatilie Joti wa miaka ya karibuni, kwenye vipande vyake vya YouTube. Nimefanya zoezi hili usiku mmoja mpaka bando likaisha: nikaweka mzee wake wa zamani, kisha mzee wake wa sasa. Ufundi umeongezeka, hilo halina ubishi. Anajua kunyamaza sasa, zamani alikuwa anajaza kila sekunde. Anaweza kukaa kwenye kigoda, asiseme kitu, akamtazama mgeni mpaka mgeni akasahau kilichomleta. Lakini pengo limepungua. Shingo imejaa, mashavu yameshuka, sauti ya mzee haihitaji tena kulazimishwa sana. Yule mvulana wa chini ya kinyago haonekani kila mara. Kuna sehemu kadhaa nilicheka kidogo kuliko zamani, na nilipojiuliza kwa nini, jibu halikuwa kwamba amekosea. Jibu ni kwamba nilimwamini.

Kwa mwigizaji wa tamthilia hiyo ni sifa. Kwa mchekeshaji ni hatari, lakini ni hatari ninayotaka aikumbatie. Joti ameshauigiza utoto na uzee kwa namna zote. Kilichobaki ni umri wake mwenyewe, bila ndevu za bandia, bila gauni la bibi. Sijui kama watazamaji tutamruhusu. Kila anapotokea na uso wake halisi, maoni ya chini yanamwomba amlete babu.

Mwenzake Masanja Mkandamizaji alitoka kwa mlango mwingine: akawa mwimbaji wa injili na mchungaji. Watu walicheka mwanzoni wakidhani ni kipande kipya cha komedi. Mimi niliona mantiki. Madhabahuni, mwanamume wa makamo anaitwa baba na anaruhusiwa kuchekesha. Labda ndiyo sehemu pekee tuliyoiacha wazi.

Niwatoe nje kidogo, kwa sababu mtu anaweza kusema tatizo hili ni letu tu. Miaka ya 1920, wakati filamu za Marekani hazina sauti, kulikuwa na Harry Langdon. Uso wa mtoto mchanga: poda nyeupe, macho ya kupepesa, kofia ndogo, hatua fupi fupi kama mtu anayejifunza kutembea. Alizaliwa 1884. Filamu iliyompa jina kubwa, *The Strong Man*, ni ya 1926, yaani mtoto mchanga huyu alikuwa na miaka 42! Alianza utoto wake jangwani kabisa, katikati ya umri. Mwaka uliofuata akaamua kujiongoza mwenyewe kwenye *Three's a Crowd*. Humo anaigiza mtu mpweke anayetamani familia, anamwokota mwanamke mjamzito kwenye theluji, anamhifadhi, mtoto anazaliwa, naye anajiona baba kwa muda mfupi kabla mume wa kweli hajaja kumchukua mke na mwanawe. Nimeiangalia bila kutarajia kitu na ikanikaa rohoni siku kadhaa. Watazamaji wa wakati ule waliikataa. Mtoto wao alijaribu kuwa baba, hata kwa kuazima tu, nao wakamkimbia. Haikupita miaka mingi nyota yake ikafifia.

Rowan Atkinson alikuwa mwerevu zaidi, au mwoga zaidi. Mr. Bean, ambaye kwa mabasi ya mikoani ni raia wa Tanzania, alionyeshwa kwenye televisheni kati ya 1990 na 1995. Kuanzia 2002 akageuzwa katuni. Katuni haioti mvi. Ni suluhisho safi na limelipa vizuri, nami silipendi hata kidogo.

Kuna atakayenikumbusha Papa Shirandula. Kweli kabisa. Charles Bukeko wa Kenya, aliyefariki Julai 2020, alijenga jina lake lote juu ya baba wa makamo: mlinzi wa mjini anayeificha kazi yake ili aonekane bwana mkubwa. Kile kilikuwa kicheko cha jangwani hasa, cha mtu mwenye mke na madeni na aibu, na kilidumu Citizen TV miaka mingi. Kwa hiyo nadharia yangu ina tundu. Lakini tazama mwili wake: mkubwa, mpana, umejaa mlango. Bukeko hakuwahi kuwa mtoto machoni petu, kwa hiyo hakutudai chochote alipokuwa baba. Mwenye sura ya mtoto ana deni; tulimpenda kwa mkataba kwamba hatabadilika, na mkataba huo tuliuandika sisi, yeye hakusaini. Hapo ndipo ninapoona kosa liko kwetu kuliko kwao. Kijana anayetamba leo, awe Ndaro, awe Steve Mweusi, awe nani, tunamwekea sharti lile lile kila tunapobonyeza "tuma".

Nimeandika yote haya na bado sijasema kwa nini kimya cha kijiweni kilinishtua kiasi kile. Aliyekuwa ameshika simu ni mtoto wa mama yangu mdogo. Hapa kijijini anaitwa Sharo. Kati ya 2010 na 2012 hakukuwa na sherehe Fukayosi, Mkenge wala Kidomole ambayo hakuitwa kufanya mwendo ule na sauti ile. Alikuwa mwembamba, uso wa msichana, hata ndevu hazijaanza. Walimpa soda, wakati mwingine elfu mbili. Alikuwa mzuri, simsifii kwa undugu. Alikuwa na yale macho ya pembeni. Leo ana pikipiki ya mkataba, watoto wawili, na kitambi cha kuanzia. Jina limebaki. Abiria wa mananasi wa Kiwangwa wanamwita Sharo, mkwe wake anamwita Sharo. Mara chache mtu anamwomba afanye "kidogo tu", anafanya, na watu wanatabasamu kwa adabu.

Baba yake alifariki mwaka jana. Siku ya pili ya matanga walikuja watani, wakafanya yao: wakavaa kofia ya marehemu, wakamwigiza anavyokohoa, wakadai walipwe ndiyo waondoke. Mmoja akapaza sauti, "Sharo yuko wapi? Mwiteni Sharo atuchekeshe!" Yeye ni mfiwa, haikuwa zamu yake, na wazee walimkemea yule mtani. Lakini watu walikuwa wameshageuka kumtafuta. Wakati huo alikuwa anatoka nyuma ya nyumba na ndoo mbili za maji, amechoka, amejipinda upande mmoja, mguu wa kushoto anauburuza kidogo, shingo ameitanguliza mbele. Mama mkubwa aliyekaa kwenye mkeka akapiga yowe dogo, kisha akaanza kucheka huku machozi yanamtoka. "Jamani mwangalieni! Si yeye huyu? Si marehemu huyu anakuja?" Na uwanja mzima ukaangua kicheko, kikubwa kuliko chochote alichowahi kukipata akiwa na miaka 18. Watani wenyewe walikaa chini. Yeye akasimama na ndoo zake, anatuangalia, haelewi amefanya nini.

Wiki kadhaa baadaye nilimpata peke yake pale kijiweni nikamwambia aufanyie kazi ule mwendo, tuurekodi kwa simu, kwamba ndani yake kuna kitu ambacho sijakiona kwenye filamu yoyote ya kwetu. Nilimweleza kwa kirefu, karibu kama nilivyowaeleza nyinyi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ule si mwendo wa komedi, kaka," akasema. "Ule mgongo. Pikipiki hii inaniua."

Akaja abiria wa Makofia, akaondoka naye.